Vielezi katika Insha: Tunachofundisha na Tunachokiacha

Mwulize mwanafunzi wa sekondari kielezi ni nini, naye atakujibu bila kusita kwamba ni neno au fungu la maneno linalotoa habari zaidi kuhusu kitenzi, kivumishi au kielezi kingine. Mwombe akutajie aina zake, atazitiririsha: vielezi vya namna, vya wakati, vya mahali, vya idadi au kiasi, na ikiwa alimsikiliza mwalimu wake, ataongeza kwamba vile vya namna vina matawi yake, kama viigizi (maneno yanayoigiza sauti au hali ya tendo) na vikariri (maneno yanayorudiwa). Kisha mpe karatasi aandike insha ya kurasa mbili. Utakuta "sana" karibu katika kila mstari, "vizuri" palipotakiwa neno lenye maana mahususi, "kwa kweli" mwanzoni mwa aya ambazo hazikuhitaji kutiliwa mkazo, na "ghafla bin vuu" mahali ambapo hakuna lolote la ghafla lililotokea. Sarufi yote aliyoikariri haikufika kwenye kalamu.

Sioni kwamba pengo hilo linatokana na uvivu wa wanafunzi. Linatokana na jinsi somo lenyewe linavyofundishwa. Tunamzoeza mwanafunzi kukitambua kielezi kilichokwisha kuandikwa na mtu mwingine, kisha tunatarajia ajue kukichagua mwenyewe, ilhali kazi hizo mbili hazifanani hata kidogo. Anayepigia mstari neno "polepole" katika sentensi aliyopewa halazimiki kujiuliza iwapo neno hilo lilistahili kuwapo. Anayeandika insha hukutana na swali hilo kila baada ya maneno machache, na hakuna aliyemfundisha namna ya kulijibu.

Watafiti wa ufundishaji wa uandishi wameliona jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1963, ripoti ya Richard Braddock na wenzake huko Marekani ilihitimisha kwamba kufundisha sarufi rasmi kwa kuitenga na uandishi hakumsaidii mwanafunzi kuandika vizuri zaidi, na kwamba kunaweza hata kumrudisha nyuma kwa kuwa kunachukua muda ambao angeutumia kuandika. Mwaka 2007, Steve Graham na Dolores Perin walichambua kwa pamoja tafiti nyingi zilizohusu wanafunzi wa darasa la 4 hadi la 12. Mazoezi ya kuunganisha sentensi fupi kuwa sentensi pana yalionyesha athari chanya ya 0.50 kwa kipimo chao, ambacho sifuri yake humaanisha kutokuwa na athari, na ufundishaji wa sarufi kwa njia iliyozoeleka ukaangukia upande hasi kwa 0.32. Miaka mitano baadaye, mwaka 2012, Debra Myhill na wenzake wa Chuo Kikuu cha Exeter nchini Uingereza wakaonyesha upande wa pili wa jambo hilo hilo: sarufi inapofundishwa ndani ya somo la uandishi, ikiambatanishwa na athari ambayo mwandishi anataka kuileta kwa msomaji, uandishi huboreka, ingawa waliofaidika zaidi walikuwa wale ambao tayari waliandika vizuri. Kwa hiyo ugomvi wetu si na sarufi. Ni na sarufi iliyoachwa ikae peke yake.

Tafiti hizo zilifanywa katika madarasa ya Kiingereza kwa sehemu kubwa, na hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili anapopaswa kuwa mwangalifu, kwa sababu pamoja na matokeo ya tafiti huja ushauri usiofaa kuhamishwa ulivyo. Waandishi kadhaa mashuhuri wa Kiingereza wamewahimiza wanaojifunza kuandika wavikate vielezi, hasa vile vya namna. Ushauri huo una mantiki katika lugha ambayo vielezi vingi vya namna huundwa kwa kubandika kiambishi kimoja kile kile mwishoni mwa kivumishi, kwani maneno yanayoundwa kwa urahisi namna hiyo huzagaa kwa urahisi, na jicho huyaona mara moja linapoanza kuyafagia.

Kiswahili kimejengwa vingine. Dhana ya namna tunaieleza kwa nomino iliyotanguliwa na "kwa", kama katika "kwa makini" na "kwa hasira". Kwa nomino inayosimama peke yake, kama "haraka" na "kasi". Kwa kiambishi vi- kilichotiwa kwenye mzizi wa kivumishi, kama "vizuri" na "vibaya". Kwa ki- inayoleta mfanano, kama "kitoto" na "kishujaa". Kwa kurudufu neno, kama "kimyakimya" na "hatua kwa hatua". Na kwa viigizi, ambavyo nitavirudia hapa chini. Kila njia ina maana yake ya ziada. "Alijibu kwa kutojua" inamwonea huruma aliyejibu, na "alijibu kijinga" inamhukumu. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wafute vielezi bila kufafanua hajawaambia wafute nini, wala hajawaeleza kwamba baadhi ya vielezi vya Kiswahili ndivyo vinavyobeba uzito wote wa sentensi.

Somo linalofaa kuanza nalo, kwa maoni yangu, ni uhusiano wa kielezi na kitenzi kilicho mbele yake. Kitenzi chenye maana pana huomba msaada. Kitenzi mahususi hujisimamia. Aliyeandika "alitazama kwa siri kupitia dirishani" alikuwa na "alichungulia" karibu naye. Aliyeandika "aliomba sana" angeweza kuandika "alisihi", na aliyeandika "alikula haraka kwa pupa" alikuwa akilitafuta neno "alibugia". Aidha, Kiswahili kina uwezo wa kuingiza maana ya kielezi ndani ya kitenzi chenyewe: "alimpigapiga begani" imekwisha kusema kwamba mapigo yalikuwa mepesi na yalijirudia, bila "kidogo" wala "mara kadhaa". Mwanafunzi akilijua hili huanza kusikia pale kitenzi chake kinapokuwa dhaifu.

Hata hivyo nisieleweke kwamba kitenzi kimoja kizito ni bora kila wakati kuliko kitenzi na kielezi chake. "Alisema kwa sauti ya chini" na "alinong'ona" hazimaanishi kitu kimoja. Mzee anayezungumza kwa sauti ya chini mbele ya watu arobaini hanong'oni. Pengine ndivyo anavyozungumza siku zote, na pengine ukumbi wote umenyamaza ili umsikie. Mwanafunzi aliyeambiwa abadilishe kila fungu la maneno kuwa kitenzi kimoja atamfanya mzee huyo anong'one, na picha itaharibika. Kinachofundishwa hapa ni kuziweka kauli mbili kando kando na kusema zinatofautiana wapi, na zoezi hilo likifanywa kwa sauti darasani kwa dakika kumi linafaa kuliko jedwali zima la aina za vielezi.

Viigizi vinastahili nafasi kubwa kuliko tunayovipa, kwa sababu ni utajiri ambao lugha nyingi hazina kwa kiwango hiki, na pia kwa sababu hutumiwa vibaya kuliko vielezi vingine vyote. Mtu hulala fofofo, hukataa katakata, hulowa chapachapa. Ukumbi hujaa pomoni. Shuka huwa jeupe pe, na giza huwa totoro. Sifa kuu ya maneno haya ni kwamba hayakubali kuandamana na kila neno. "Sana" hufuata kitenzi chochote, kivumishi chochote, hisia yoyote; "fofofo" halihami ovyo kutoka kwa aliyelala au aliyekufa kwenda kwa aliyekasirika. Ubaguzi huo ndio unaokipa kiigizi nguvu, kwa sababu msomaji anapokutana nacho anajua kwamba hakingeweza kuwa mahali pengine.

Lakini ubaguzi huo huo unamtia mwanafunzi mtegoni. Kwa kuwa viigizi huja vikiwa vimeshaoana na vitenzi vyao, ni rahisi kuvikariri kwa jozi na kuvimwaga katika insha yoyote ile, na walimu tumechangia kwa kuvitolea alama za msamiati popote vinapoonekana. Matokeo yake ni insha ya hoja kuhusu ukataji wa misitu ambamo serikali "imekataa katakata", wananchi "wamelala fofofo" na bonde "limekauka kau", hata msomaji akashindwa kujua kama anashawishiwa au anasimuliwa hadithi. Kiigizi ni sauti ya masimulizi. Kinaleta tukio mbele ya macho na masikio, na katika masimulizi kina thamani kubwa. Katika hoja, ambapo msomaji anataka kupima ushahidi, mara nyingi kinachukua nafasi ya ushahidi huo. Mwanafunzi anaweza kulielewa hili akiwa kidato cha kwanza, mradi aonyeshwe kiigizi kile kile katika insha za aina mbili.

Nitatoa mfano wa masimulizi, ambao nimeutunga kwa kufuata insha nyingi ninazozisoma. "Usiku ule kulikuwa na giza sana. Nilitembea polepole sana kuelekea mlangoni. Ghafla nikasikia sauti kubwa sana. Niliogopa sana na moyo wangu ukaanza kudunda kwa kasi sana. Nilirudi nyuma haraka sana." Ni sentensi tano zenye "sana" sita. Aliyeandika hakukosa hisia; kila "sana" ni alama ya mahali alipohisi kitu akakosa neno lake. Ndiyo maana kumwandikia pembeni "punguza sana" ni kumwambia afute alama bila kumsaidia kupata kile alichokuwa akikitafuta.

Tukikaa na aya hiyo pamoja naye, maswali ni machache. Giza lilikuwa la namna gani? Mwili ulikwendaje? Ile sauti ilikuwa ya nini? Hofu uliijulia wapi? Aya inayozaliwa inaweza kuwa hivi: "Usiku ule kulikuwa na giza totoro. Nilinyata kuelekea mlangoni. Ndani, kitu kikaanguka, pu! Nilibaki nimesimama wima, mkono ukiwa bado hewani, nikiusikiliza moyo wangu." Angalia kilichotokea. "Polepole sana" imemezwa na "nilinyata". "Ghafla" imeondoka kwa sababu "pu!" ni ya ghafla yenyewe, neno linalotangaza kwamba jambo linakuja kwa ghafla humwonya msomaji na kumwondolea mshtuko. "Niliogopa sana" haipo tena, na hofu imebaki. Zaidi ya hayo, aya mpya haikunyimwa vielezi. Ina "usiku ule", "mlangoni", "ndani", "pu", "wima", "bado" na "hewani", na hakuna hata kimoja unachoweza kukiondoa bila msomaji kupoteza kitu.

Hicho "bado" kinanigusa kwa namna ya pekee, kwani kipo katika kundi la vielezi vidogo ambavyo hatuvifundishi kabisa. "Bado", "tena", "tayari", "hatimaye", "angalau". Havina rangi wala sauti, havimo katika orodha za msamiati wa kuvutia, na mwanafunzi hapewi alama yoyote kwa kuvitumia. Hata hivyo chukua sentensi yenye neno moja, "alitabasamu", uiongezee hivi vinne vya mwisho kwa zamu. "Alitabasamu tena": kumbe alikuwa ametabasamu mwanzo, na kuna kitu kilichomfanya aache katikati. "Hatimaye alitabasamu": palikuwa na kusubiri, na huenda mtu fulani alikuwa akijitahidi. "Angalau alitabasamu": kuna jambo kubwa zaidi ambalo hakulifanya, na anayesimulia amekubali kuridhika na hilo dogo. "Alikuwa tayari anatabasamu": tumechelewa, furaha ilianza kabla hatujafika. Kwa silabi mbili hadi nne mwandishi amepata habari ya nyuma ambayo ingemgharimu sentensi nzima. Nikiambiwa nichague kundi moja tu la vielezi la kufundisha mwaka mzima, nitachagua hili.

Suala la mahali kielezi kinapokaa halina budi kufundishwa kwa sentensi halisi, kwa sababu kanuni kwamba kielezi hufuata kitenzi haitoshi. Pima sentensi hizi. "Baba tu ndiye aliyeahidi kumnunulia vitabu." "Baba aliahidi tu kumnunulia vitabu." "Baba aliahidi kumnunulia vitabu tu." Katika ya kwanza, wengine wote walinyamaza. Katika ya pili, ahadi haikutimizwa. Katika ya tatu, mtoto asitarajie kalamu wala sare. Silabi moja imehama mara mbili na kuleta lawama tatu tofauti. Vivyo hivyo, "mwalimu aliwaamuru kwa ukali waondoke" inamwelezea mwalimu, na "mwalimu aliwaamuru waondoke kwa ukali" inamwacha msomaji akiwaza wanafunzi wakitoka wamenuna. Makosa ya aina hii hayaonekani katika zoezi la kupigia mstari, kwa kuwa kila neno limo katika aina yake sahihi. Yanaonekana pale tu mtu anapoisoma sentensi kama msomaji mgeni.

Vielezi vya mahali na vya wakati sitavichambua kwa kirefu. Wanafunzi huvitumia vizuri kwa kuwa masimulizi yenyewe huwadai, na kosa linalojirudia ni moja: kuanza kila aya kwa wakati, "siku hiyo", "baada ya hapo", "baadaye", mpaka insha ikawa kama ratiba. Wakikumbushwa kwamba "-po-" na "-ki-" ndani ya kitenzi hufanya kazi hiyo hiyo, kama katika "alipofika" na "akiimba", wengi hujirekebisha wenyewe.

Mahali ambapo kielezi kina uzito mkubwa kuliko pote, na ambapo ufundishaji wetu umenyamaza kuliko pote, ni katika insha ya hoja. Humo kuna vielezi visivyoeleza tendo lilifanyikaje, bali vinaeleza mwandishi ana uhakika kiasi gani na jambo hilo ni la mara ngapi. Viko kwenye ngazi. Chini kabisa ni "kamwe", "katu" na "abadani", ambavyo vyote hudai kitenzi cha kukanusha. Juu yake ni "kwa nadra" na "mara chache". Kisha "wakati mwingine", "mara nyingi", "aghalabu", hadi "daima". Kando yake iko ngazi nyingine ya uhakika, inayopanda kutoka "labda", "huenda", "pengine" na "yamkini" hadi "hakika" na "bila shaka". Mwanafunzi anayeandika "mitandao ya kijamii daima huwaharibu vijana" amepanda hadi kilele bila kukanyaga daraja lolote la katikati, na kijana mmoja tu aliyejifunza jambo jema mtandaoni anatosha kuiangusha hoja yake yote.

Ningependa wanafunzi waone jinsi lugha yenyewe ilivyowaandalia usaidizi hapa. Kiambishi hu- katika "huwaharibu" kimekwisha kusema kwamba jambo hilo ni la kawaida au hujirudia. Kuongeza "kwa kawaida" mbele yake ni kurudia, na kuongeza "daima" ni kudai jambo zito ambalo hu- haikulidai. "Huenda", nalo, ni kitenzi "enda" chenye hu- hiyo hiyo, kilichoganda kikawa neno la kukisia. Na "labda" ina historia inayostahili kusimuliwa darasani: inatokana na Kiarabu, katika kauli yenye maana ya "hapana budi", yaani jambo lisiloepukika, na "budi" yetu ya "sina budi" inatoka katika neno lilo hilo. Kauli moja imetuletea ulazima upande mmoja na shaka upande mwingine. Mwanafunzi akisikia hilo hawezi tena kuiona "labda" kama neno dogo la kujazia nafasi.

Nimesikia hoja kwamba kuwafundisha vijana "huenda" na "aghalabu" ni kuwafundisha woga, na kwamba insha ya hoja inapaswa kuwa na msimamo. Naiheshimu hoja hiyo kwa sababu hatari yake ipo. Nimesoma insha ambamo "labda huenda pengine" zilifuatana katika sentensi moja, na mwandishi hakuwa amesema kitu. Lakini msimamo haupimwi kwa kelele. Mtu anayesema "mara nyingi" akiwa na mifano mitatu mkononi ana msimamo imara kuliko anayesema "daima" akiwa na mmoja. Zaidi ya hapo, anayejua kushuka ngazi pale ushahidi unapopungua ndiye pekee ambaye "bila shaka" yake inaaminika anapopanda nayo juu. Aliyeitumia katika kila aya ameimaliza nguvu, na anapofika kwenye jambo lisilo na shaka kweli hana tena neno la kulisema.

Upo pia msaada mwingine ambao insha za hoja hazijautumia vya kutosha, nao ni vielezi vya ki- vinavyoweka mpaka wa dai: "kiuchumi", "kisheria", "kihistoria", "kiafya". "Mpango huu unafaa" ni dai pana ambalo mtu yeyote anaweza kulishambulia kutoka upande wowote. "Kiuchumi, mpango huu unafaa" ni dai lenye uzio, na linamlazimu mwandishi kufikiria nini kiko nje ya uzio huo: kiafya je, kisheria je? Mara nyingi aya inayofuata huzaliwa hapo hapo. Tahadhari yangu ni moja, kwamba ki- hiyo isigeuzwe kipodozi. Neno "kiukweli", lililoenea sana katika mazungumzo, halina mpaka wowote linaouweka. Walimu wengi hulikataa, nami ni mmoja wao, kwa kuwa "kwa kweli" ipo, nayo hutumika vyema pale tu mwandishi anapogeuka kutoka lile linalodhaniwa kwenda kwa lile lililopo.

Kuhusu mazoezi ya darasani, jambo ninalolitetea ni kwamba mwanafunzi ashike kielezi mikononi mwake mara nyingi na katika maandishi yake mwenyewe. Apewe sentensi fupi tatu, "Mzee aliinuka. Aliegemea mkongojo. Hakumtazama mtu", na aambiwe aziunganishe kuwa moja kwa njia mbili zisizofanana. Mmoja ataandika "Mzee aliinuka kwa kuegemea mkongojo, bila kumtazama mtu". Mwingine ataandika "Bila kumtazama mtu, mzee aliinuka, akiegemea mkongojo wake". Hapo swali la kweli la sarufi linajitokeza lenyewe: kuna tofauti gani kuanza na "bila kumtazama mtu" badala ya kumalizia nacho? Wengine watasema kuanza nacho kunamfanya mzee awe na kiburi, wengine watasema kunamfanya awe na aibu. Mjadala huo ndio somo. Zoezi jingine ni kumpa kila mwanafunzi sentensi ile ile yenye kielezi tofauti, "alikubali haraka", "alikubali shingo upande", "alikubali tena", na kumtaka aandike sentensi inayofuata. Kielezi kilichochaguliwa vizuri kitaonekana katika sentensi ya pili kuliko katika ya kwanza, kwa kuwa aliyekubali shingo upande hawezi kuondoka akiimba isipokuwa mwandishi ana sababu ya kutueleza.

Yote hayo hayatasaidia ikiwa usahihishaji utabaki ulivyo. Mwanafunzi huandika kwa ajili ya alama, na hilo si dhambi. Mfumo ndio uliomfundisha. Alama za msamiati zinapotolewa kwa kuhesabu maneno ya kuvutia, atayarundika. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo kwa miaka mingi: niliviwekea vema kila kiigizi na kila kikariri bila kuuliza kinafanya kazi gani hapo, na nilishangaa kwa nini insha zilizokuwa na vema nyingi zaidi hazikuwa zile nilizozikumbuka jioni. Siku hizi naweka vema pale tu ninapojaribu kukiondoa kielezi na sentensi ikanikatalia. Pale isiponikatalia, sikifuti. Naandika swali dogo pembeni, kwa penseli, na kumrudishia mwenyewe karatasi.

Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba adhabu ya viboko, bila shaka, huwafanya watoto wawe waongo. Pembeni mwa "bila shaka" niliandika: "Umewaona wangapi?" Alirudi baada ya siku mbili. Alikuwa ameyakata maneno hayo mawili kwa mstari mmoja na juu yake ameandika "mara nyingi", kisha baada ya sentensi ile ameongeza nyingine ambayo haikuwapo awali, kuhusu mdogo wake aliyechapwa kwa kuvunja kikombe na ambaye, kikombe cha pili kilipovunjika, aliokota vipande vyote kimyakimya akavizika nyuma ya nyumba.